Taya Linauma, Jino Halina Kosa

Wengi wanaofika kwetu hapa Chake Chake na maumivu ya taya huwa wameshapita kwingine. Huyu katiwa dawa ya sikio, yule keshang'oa gego zima lisilo na tundu, na maumivu yako pale pale. Si ajabu. Kiungo cha taya kipo mbele tu ya sikio, na maumivu yake hupanda hadi kwenye panja, hushuka shingoni, na huweza kujifanya jino.

Weka ncha za vidole mbele ya masikio, fumbua kinywa, kisha ufumbe. Kinachocheza hapo ndicho chenyewe. Baina ya mfupa na mfupa kuna kisahani cha gegedu, kikihama kidogo, taya hulia "ta!" Linalolia tu bila kuuma wala kukwama, liache, halitaki tiba. Likiuma, mara nyingi iliyochoka ni misuli: unasaga meno usingizini, au umeyakaza mchana kutwa kwa mawazo ya ada za skuli, wala hujijui.

Kwa hiyo tunashughulika zaidi na misuli. Tunaikanda kwa kitambaa cha maji moto, tunaichua kwa mafuta ya nazi kutoka panja hadi pembe ya taya, halafu tunakufundisha kulipumzisha: midomo imefumbwa, meno hayagusani, ulimi umelala juu, nyuma ya meno ya mbele. Hilo la meno kutogusana watu hulidharau, nasi tunaona lina faida kuliko mikono yetu. Mafuta ya karafuu hayakosekani Pemba, lakini yasipozimuliwa huunguza ngozi ya shavu. Pweza, miwa na ubani wa kutafuna viache kwa wiki chache, bokoboko, uji mzito laini wa ngano na nyama, lipo. Na ukipiga miayo, zuia kidevu kwa mkono.

Hatuahidi kurudisha kisahani mahali pake. Ukiambiwa usagwe meno au upasuliwe haraka, kamuulize na daktari mwengine kwanza. Taya likikwama, shavu likivimba pamoja na homa, au maumivu yakija na kifua kubana na jasho, usije kwetu, nenda hospitali hapo hapo.

Siku ya kwanza huwa hatuchui. Tunapima kinywa kinafumbuka kiasi gani (vidole vyako 3 vikiingia baina ya meno, si vibaya), tunakuuliza unalalia upande gani, na kama ulipigwa picha ya meno, njoo nayo.