Tai wa msituni sio mwizi wa kuku

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya watsapu huku kwetu Usambara, kijana kamshika tai aliyekufa, kamtandaza mabawa, na chini watu wanampongeza ati kammaliza mwizi wa kuku. Jamani! Yule ni tai mwenye kishungi, na anayebeba vifaranga uani kila siku ni mwewe, kipanga naye hajambo. Huyu tai ni wa ndani msituni, anakula kima, mbega, perere na paa. Sisemi hajawahi kugusa mbuzi mdogo wa mtu aliyelima mpaka ukingoni mwa msitu, lakini hapo nani kamfuata mwenzie?

Mwili wake haufiki kilo 5 ila anaua mnyama mzito kumzidi yeye, manake mabawa ni mafupi na mapana, mkia mrefu, anapenya kwenye matawi bila shida, na ule ukucha wa nyuma ndio unaoua. Kima wanamjua kuliko sisi, dume akimwona tu anatoa mlio mwingine kabisa na kundi zima linaacha vilele vya miti linazama kwenye majani. Na hao kima si ndio tunaowalalamikia kila msimu wa mahindi?

Kinachoniuma zaidi ni uzazi wake. Jike anataga yai 1 au 2, analalia kama siku 50, nyama inaletwa na dume. Wakianguliwa wawili yule mkubwa anamdonoa mdogo mpaka anakufa, anabaki mmoja, na huyo mmoja anakaa kiotani kama miezi 3 na nusu, akishajua kuruka bado analetewa chakula miezi 9 au zaidi, ndio maana kwa kawaida jozi moja inalea kinda 1 tu kila baada ya miaka 2. Kuku wako anatotoa mara ngapi kwa muda huo? Halafu kiota chenyewe ni rundo kubwa la vijiti kwenye mti mkubwa, wanakitumia miaka na miaka, ukikata mti ule umewafukuza.

Wengine watasema anabeba watoto. Najua habari ya fuvu la Taung, Afrika Kusini, fuvu la mtoto wa jamii ya binadamu wa kale lililopatikana 1924, wataalamu wakasema 1995 kwamba alama zake zinafanana na za tai mkubwa, lakini huyo mtoto ni wa zama za zaidi ya miaka milioni 2, sio sababu ya kubeba manati leo.

Ombi langu mhariri, wekeni picha ya mwewe na ya tai huyu pembeni kwa pembeni, kubwa, ya rangi, na mwandishi wenu awaulize maafisa wanyamapori wa wilaya kama ile picha ya kijana wameiona na wamefanya nini.

Msomaji wenu, Lushoto