Fundi makasha

Preston, Lancashire, Uingereza

Kwako ndugu yangu Haji,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanisumbua. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na karakana haikosi kazi.

Nakuandikia kwa sababu ya jina la mtu. Kazini kwetu yupo mzee ambaye jina la ukoo wake ni Arkwright. Si jina la kulisikia kila siku, na wengi walio nalo chimbuko lao ni hapa hapa Lancashire. Mwaka mzima nimekuwa nikilikosea mpaka akanisahihisha: linatamkwa "akraiti" tu, herufi nyingine zimebaki kwenye maandishi. Zamani ile gh ilisikika kweli, kama kh yetu ya kheri. Nikamuuliza maana yake, akasema amelirithi kwa babake, basi. Nikaanza kulichimba mwenyewe, na nilipolifikia shina lake nikakukumbuka wewe, maana ni jina la ufundi wako.

Wright katika Kiingereza cha kale ni fundi, mtu wa kuunda kitu kwa mikono. Wapo akina Cartwright, waliounda mikokoteni, na akina Wainwright, wa magari makubwa ya kukokotwa. Na ark ni kasha. Neno hilo hilo wanaitia safina ya Nabii Nuhu, na hilo hilo wanaliitia sanduku la agano la Nabii Musa! Sisi tuna maneno mawili, wao moja tu, walilolitwaa kwa Kilatini, arca. Lakini kwa wakulima wa kaskazini ark lilikuwa kasha la unga na nafaka, na Arkwright ndiye aliyeliunda.

Nimeliona moja, Haji, katika nyumba ya kale ya shamba inayotunzwa kwa ajili ya wageni. Nilichuchumaa mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama sijambo. Limeundwa kwa mwaloni, na mbao zake hazikupasuliwa kwa msumeno bali kwa kabari, kufuata nyuzi za mti, ndiyo maana ubao mmoja ni mnene upande huu na mwembamba upande ule. Hakuna gundi, hakuna msumari wa chuma. Mbao zimeingizwa kwenye mifereji ya nguzo nne za pembeni, kisha zikafungwa kwa vijiti vya mti. Nguzo zimeachwa zishuke chini zaidi ziwe miguu, ili unga usiguse unyevu wa sakafu. Kifuniko kimebinuka kama mgongo wa ngalawa iliyopinduliwa, nacho hakina bawaba za chuma: unakinyanyua, unakigeuza, kinakuwa sinia la kukandia donge. Nilipitisha kidole kwenye kijiti kimoja. Kimeshika mpaka leo.

Sasa sikiliza jina lilivyoganda. Wewe ni Haji Makame Haji: wewe, baba, babu. Mwanao atakuwa na jina lake, Haji, kisha Makame, na babu yako atatoka. Hapa nao zamani mtu aliitwa kwa kazi yake au kwa baba yake, na mtoto akaja na lake. Karne ya 13 na ya 14 majina yakaanza kushikamana na ukoo. Makarani wa kodi ya kichwa ya 1379 waliwaandika watu kwa majina, na wengi pamoja na kazi zao. Kuanzia 1538 makanisa yakaamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Jina likishaandikwa hivyo kizazi baada ya kizazi, halitoki tena, hata kazi yenyewe ikiachwa.

Ushahidi ni mwenye jina hilo aliyevuma kuliko wote, Richard Arkwright, aliyezaliwa hapa hapa Preston mwaka 1732. Baba yake alikuwa mshonaji, yeye mwenyewe akawa kinyozi na mtengeneza nywele za bandia. Makasha hakuunda. Mwaka 1769 alipata hataza ya mtambo wa kusokota pamba, na 1771 akaanza kiwanda katika kijiji cha Cromford, kikiendeshwa kwa maji. Uzi wake ulikuwa imara kiasi cha kufaa mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotandazwa kwenye kitanda cha mfumi, na kabla ya hapo Waingereza mtande walitumia kitani. Mwaka 1789 kijana Samuel Slater, aliyefunzwa kwa mshirika wa Arkwright, akavuka kwenda Marekani na ujuzi huo kichwani. Viwanda vya huko vya kusokota pamba kwa nguvu ya maji vilishika mizizi kupitia kwake, na huko ndiko ilikotoka ile merikani, kitambaa cha pamba kilichoshushwa Unguja na merikebu za Salem, bandari ya Marekani, walichovaa bibi zetu. Nilipofika hapo nilikaa kimya muda mrefu.

Nilimweleza mzee yote haya wakati wa chai. Akaiangalia mikono yake, akasema babu yake alikuwa hodari wa mbao, na yeye hakuwahi kulihusisha jambo hilo na jina. Kesho yake akaniuliza kama nyumbani kwetu yapo makasha. Basi nakuomba, unitumie picha ya lile sanduku la bibi yako: mbele, penye misumari ya shaba, na ndani, pale kona za mbao zinapoungana. Anataka kuona mlivyounga.

Wasalimie wote.

Ndugu yako,
Salum