Mtumishi wa umma anayetaka ubunge aandikiwe tarehe kwenye sheria

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo huku Iringa na Mbeya huibuka kila uchaguzi, kisha husahaulika matokeo yakishatangazwa: mwalimu, mganga au ofisa ugani anayetaka ubunge au udiwani aache kazi lini, na akishindwa arudi wapi.

Kwa baadhi ya watumishi Katiba imesema wazi. Ibara ya 113A inawazuia majaji, wasajili na mahakimu kujiunga na chama cha siasa. Ibara ya 147 inawazuia vilevile wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Wote hao wamebakiziwa haki ya kupiga kura. Ugumu uko kwenye ibara ya 67, inayomnyima sifa ya kuchaguliwa mbunge mtu mwenye madaraka ya ofisa mwandamizi katika utumishi wa Serikali. Mkuu wa sekondari ya kata kule Kilolo ni mwandamizi? Mganga mfawidhi wa kituo cha afya Rungwe je? Ibara haitaji cheo wala ngazi ya mshahara. Ibara ya 72, inayohesabu kuwa ajira imekoma mtu akishakuwa mgombea, inawagusa waliozuiwa tu. Waliobaki wanategemea nyaraka za utumishi, na waraka hubadilishwa bila kupita bungeni.

Pengo la pili ni la kalenda, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Mwaka 2025 CCM ilianza kutoa fomu za ubunge Juni 28, kura za maoni zikapigwa Agosti 4, Tume ya Uchaguzi ikateua wagombea Agosti 27, na wananchi wakapiga kura Oktoba 29. Ukianza kumhesabu mtumishi kuwa mgombea siku ya uteuzi wa Tume, umemwachia miezi miwili, pamoja na wiki za kusaka kura za wajumbe wa chama, huku mshahara ukiingia. Ofisa ugani ana pikipiki ya Serikali na anawajua wakulima waliojiandikisha kupata mbolea ya ruzuku; mpinzani wake hana kimoja kati ya hivyo. Darasani nako, darasa la saba hufanya mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba. Mwalimu pekee wa hesabu akiondoka bila taarifa ya mapema, Mkurugenzi wa halmashauri hawezi kumpata wa kujaza nafasi kwa wakati.

Wenzetu wameandika tarehe. Kenya inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu walau miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu. Uganda, siku 90 kabla ya uteuzi. Sioni vema tuige moja kwa moja, maana kumtaka muuguzi wa Makete aache kazi kabisa kwa ajili ya kura ambazo hajazipata ni kuwaachia wafanyabiashara ubunge. Likizo bila malipo nayo haitoshi ikiwa sheria haikuitaja. Australia mwaka 1992, Phil Cleary, mwalimu wa jimbo la Victoria aliyekuwa kwenye likizo ya aina hiyo, alishinda kiti cha Wills, na Mahakama Kuu ikabatilisha ushindi wake kwa sababu bado alihesabika mwajiriwa. Ujerumani imekwenda njia nyingine: haki na wajibu wa ofisa wa umma vinasimamishwa akiwa mbunge, na ubunge ukiisha ana miezi mitatu ya kuomba kurejeshwa.

Ninachopendekeza kiingizwe kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma ni hiki: likizo bila malipo ianze siku mtumishi anapochukua fomu ya chama, vifaa vya ofisi vikabidhiwe siku hiyohiyo kwa maandishi, ofisa utumishi amsitishe kwenye mfumo wa mishahara kabla orodha ya mwezi haijafungwa. Hapo pa mwisho ndipo panapoharibika mara nyingi. Barua hukaa mezani kwa mkuu wa idara, mshahara unalipwa, na baadaye mtu anadaiwa kurejesha fedha alizokwisha kutumia. Akishindwa, arudi kwa cheo kilekile lakini kata nyingine.

Pensheni nayo iandikwe. Michango ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 5 ya mtumishi na 15 ya mwajiri. Kwa mshahara wa shilingi 800,000 hiyo ni 160,000 kwa mwezi, au 9,600,000 ambazo hazitaingia kwa miaka mitano ya ubunge. Pensheni ya kila mwezi inahitaji miezi 180 ya michango, hivyo aliyetumikia miaka 14 na kuondoka amepungukiwa miezi 12. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo akumbuke kwamba makato ya asilimia 15 yanakoma, deni halikomi.

Wapo wanaosema mbona mawaziri wanashika nafasi mbili. Ibara ya 55 ndiyo inayotaka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Diwani aliye mtumishi hana kinga hiyo, na kwake mgongano ni wa karibu zaidi: baraza ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri na kumhoji Mkurugenzi, ambaye Jumatatu ndiye mwajiri wake. Akishinda udiwani katika halmashauri inayomlipa, ajira isimame siku anayoapa, na nafasi yake itangazwe mwezi huohuo.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa