Kanivo za Bukavu zifunikwe kwa ajili ya watembea kwa miguu

Ndugu Mhariri,

Bukavu, barabara ikitengenezwa, mazungumzo ni ya lami tu. Mji wetu umebanwa kati ya milima na ziwa, na kupanua barabara ni kubomoa nyumba. Sehemu nyingi, anayetembea amebakiwa na nafasi ya juu ya kanivo, yaani mitaro ya maji ya kando ya barabara. Basi vifuniko vyake vijengwe kama njia ya watu.

Uzito kwanza. Kifuniko cha beto (zege) cha mita 1 kwa mita 1, unene sentimita 12, kina karibu kilo 290. Siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, hakiinuki ili kanivo isafishwe. Kitavunjwa kwa nyundo au kusukumwa kando, na shimo libaki wazi mpaka mvua ilijaze na lisionekane tena. Kwa kanivo ya sentimita 60, kifuniko cha urefu wa sentimita 80, upana 50 na unene 10 kina kilo 96 hivi, na watu wanne wanakirudisha mahali pake. Kila ncha inalala sentimita 10 juu ya ukuta. Matundu ya ndoano za kukiinulia yasizidi sentimita 3, fimbo ya mzee isije ikazama.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni vyuma. Beto huvumilia kugandamizwa, haivumilii kuvutwa, na kifuniko kikikanyagwa upande unaovutwa ni wa chini. Vyuma vitano vya milimita 8 vilale kwa urefu wa kifuniko, sentimita 2.5 kutoka chini, si katikati. Kisha alama ya upande wa juu ichorwe beto ikiwa mbichi, kwa sababu kifuniko kikipinduliwa wakati wa kupakua, vyuma vinakuwa juu na kitapasuka mapema. Kimwagiwe maji siku 7. Kwenye miteremko kama ya mtaa wetu wa Kadutu, uso ukwaruzwe kwa ufagio ili watu wasiteleze.

Vifuniko vilingane. Mama anayebeba mzigo kwa kamba ya kichwani ameinama, anaona hatua moja tu mbele; ncha iliyoinuka sentimita 2 inatosha kumwangusha na kilo zote alizobeba. Hilo halivumiliki katika mji unaolishwa na migongo ya mama hawa.

Malori yasipande juu ya vifuniko kupakua mizigo: nguzo za beto, mita 1.5 kati ya moja na nyingine, zinayazuia na kigari cha mlemavu kinapita. Pa kuvukia barabara, rangi peke yake haimsimamishi dereva. Painuliwe sentimita 10, juu pawe tambarare, ili apunguze mwendo. Dereva wa kilomita 50 kwa saa anakwenda mita 14 katika sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Wa kilomita 30, mita 8.

Tunaomba wakuu wa mji waandike vipimo hivi katika mikataba. Kabla ya kulipa, wachague vifuniko vichache wao wenyewe, kila kimoja wakipakie mifuko 20 ya simenti ya kilo 50, na chochote kitakachopasuka mjenzi akimimine upya kwa gharama yake.

Mafundi wa beto,
Kadutu, Bukavu