YAH: NDEGE KURUDI DAR ES SALAAM NA ABIRIA KUACHWA BILA TAARIFA

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Jumamosi iliyopita nilikuwa kiti 14C katika ndege yenu ya saa mbili asubuhi, Dar es Salaam kwenda Mwanza. Nilikuwa nawahi maziko ya mama mdogo, saa kumi alasiri.

Baada ya kupaa, ule mngurumo wa chini ya miguu haukukoma. Rubani akatangaza kwamba magurudumu yamegoma kujikunja, kwamba ndege ya aina ile haiwezi kumwaga mafuta angani, hivyo tutazunguka juu ya bahari kuyapunguza, kisha turudi. Bibi aliyekaa pembeni yangu, ambaye hata hatukuwa tumesalimiana, alinishika mkono hadi kucha zikaniachia alama. Tulipotua watu walipiga makofi. Kwa hilo sina neno. Chombo huharibika, na rubani alifanya kazi yake; mfikishieni shukrani zangu.

Malalamiko yangu yanaanzia tuliposhuka. Kuanzia saa tatu hadi saa tisa, jibu la kaunta lilikuwa moja tu: "Subirini, tunafuatilia." (Binti wa watu nilimhurumia, naye hakuwa ameambiwa kitu.) Maji na pakiti ya biskuti vilikuja saa saba. Saa nne kasoro robo, nikiwa nimeketi pale pale ukumbini, simu ikapokea ujumbe wenu: "Asante kwa kusafiri nasi. Karibu Mwanza."

Ndege ya shirika jingine iliondoka saa tano, niliiona kwenye ubao. Mngesema mapema kwamba yenu ni ya jioni, ningekata tiketi nyingine na ningewahi. Saa nane na nusu kaka akapiga kuuliza, wasubiri au wazike? Nikamwambia wazikeni. Tuliondoka saa kumi na moja jioni. Kaburi nilionyeshwa kwa tochi ya simu.

Naomba nirudishiwe nauli ya safari ile, kwa fedha, si kwa vocha. Naomba pia mnijibu kwa maandishi: ni nani aliyepaswa kutupa taarifa siku ile, na kwa nini hakutupa? Nimeambatanisha tiketi na picha ya ujumbe wenu. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Na huo ujumbe wa "Karibu Mwanza", mwambieni anayehusika autume ndege ikishafika.

Wenu,
Abiria wa kiti 14C