Vikundi vya jogging viongeze yoga, ila vianzie kwenye kiti

Mhariri,

Jumamosi na Jumapili alfajiri barabara nyingi za Dar es Salaam hujaa vikundi vya jogging, fulana za rangi moja na nyimbo za kupokezana. Ni jambo jema. Lakini wanaobaki nyumbani ndio wenye shida zaidi: mzee anayeogopa kuanguka, mama mwenye magoti mabovu, dereva wa daladala aliyekaza kiuno kwa kukaa kutwa. Navishauri vikundi hivyo, ambavyo tayari vina viongozi, michango na mahali pa kukutania, vianzishe darasa la yoga jioni moja au mbili kwa wiki, na mtu wa mtaani asizuiwe mlangoni kwa kukosa ada.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Aliyefikisha miaka 65 anaongezewa siku 3 za mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Mbio zinatimiza sharti la kwanza tu. Yoga inasaidia kwenye hayo mengine, na kwa maumivu sugu ya kiuno tafiti zimeonyesha nafuu ya kiasi, si ya miujiza. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya vidonge. Presha nayo hushuka kidogo kwa anayehudhuria mfululizo. Dawa haziachwi kwa sababu hiyo, na mwalimu anayewaambia watu waache aondolewe siku hiyohiyo.

Mahitaji ni machache. Ukumbi wa mita 8 kwa 6 unatosha watu 15 na mwalimu wao. Wakizidi hapo, awepo msaidizi wa kuzunguka. Sakafu ifagiliwe na kukaguliwa, maana watu watakuwa pekupeku. Mkeka wa ukindu unateleza juu ya vigae, kwa hiyo mazoezi ya kusimama yafanyike sakafuni kwenyewe, mkeka ubaki wa kulalia. Mikeka ya sponji iliyo minene sana huwafurahisha wenye magoti, ila humyumbisha anayesimama kwa mguu mmoja. Khanga moja inafanya kazi mbili: ikikunjwa ni mto wa kuweka chini ya goti, ikinyooshwa ni kamba ya kuvutia mguu. Watu wale saa 2 au 3 kabla, wasije na shibe.

Wiki za mwanzo zianzie kwenye kiti. Mgongo wa kiti uegemezwe ukutani, kwa sababu kiti cha plastiki kwenye vigae hutanua miguu na kumwangusha mtu. Kaa ukingoni, nyayo zikanyage chini kwa upana wa nyonga, kisha simama huku ukitoa pumzi, bila kujisukuma kwa mikono. Rudi kukaa polepole kwa hesabu ya 4. Mara 8, pumzika, rudia. Asiyeweza aongeze mto juu ya kiti, na kadiri anavyopata nguvu mto upunguzwe. Kisha geukieni ukuta: viganja vikiwa usawa wa kifua, rudini nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo unyooke kama meza, magoti yakilegea kidogo. Hilo linachukua nafasi ya pozi la mbwa anayeinama, yaani viganja na nyayo sakafuni, makalio juu, ambalo huwaumiza vifundo vya mikono wanaoanza kwa kuwa uzito wote unaangukia kitako cha kiganja. Pozi la mti, yaani kusimama kwa mguu mmoja, lianze kwa kisigino kuegemea kifundo cha mguu wa pili, kidole kimoja ukutani, pumzi 5 kila upande. Baadaye unyayo upande kwenye muundi au pajani. Pembeni ya goti kamwe usiwekwe.

Kinachoharibu madarasa mengi ni mwalimu kuonyesha wepesi wake mwenyewe. Wanafunzi wanalazimisha kugusa vidole vya miguu wakiwa wamekaza magoti, na msuli wa nyuma ya paja unachanika pale unaposhikana na mfupa wa kukalia. Jeraha hilo linaweza kuchukua miezi, na linauma zaidi mtu anapokaa. Mwalimu asimkandamize mtu mgongoni ili ainame zaidi. Kusimama kwa kichwa hakuna nafasi katika darasa la mtaa: shingo haikuumbwa kubeba kiwiliwili, na kwa mwenye presha ya macho pozi za kichwa chini huongeza mgandamizo ndani ya jicho. Mwenye presha asizuie pumzi. Avute kwa hesabu ya 4, atoe kwa 6.

Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu avae viatu vyepesi vya mpira, na anayechoma insulini awe na sukari karibu. Mjamzito asilale kifudifudi, na mimba ikishavuka nusu asilale chali kwa muda mrefu. Ubavu wa kushoto unamfaa. Kila mtu akimaliza kulala chali kupumzika mwishoni mwa darasa ageukie ubavu, akae kidogo, ndipo asimame. Wanaotumia dawa za presha hupata kizunguzungu hapo.

Suala la dini lisifichwe. Yoga imetoka India na ina mizizi katika imani za huko. Mazoezi ya viungo na pumzi yanaweza kufundishwa bila mantra (maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa) wala sala, na watangaziwe watu hivyo kabla ya siku ya kwanza ili Mwislamu na Mkristo waamue wakijua. Wanawake wakitaka kipindi chao peke yao, wapewe. Dera linakanyagwa, suruali pana na fulana ndefu zinastiri vilevile.

Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 21 kuwa siku ya yoga, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Maadhimisho yana fulana nyingi na picha nyingi, na Juni 22 ukumbi mtupu. Pesa ya fulana hizo inunue kipimo cha presha cha kufunga mkononi na daftari la kuandikia magonjwa ya kila mshiriki na simu ya ndugu yake. Atakayepimwa akiwa ametulia akakutwa namba ya juu imefika 180 au zaidi, au ya chini imefika 110 au zaidi, asifanye mazoezi siku hiyo. Aelekezwe kituo cha afya, na akiwa na maumivu ya kifua au kichwa kinachopasuka asindikizwe mara moja.

Mkufunzi wa mazoezi ya viungo,
Temeke, Dar es Salaam