Mikoko haihesabiwi siku ya kupandwa

Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 26 Julai, Siku ya Kimataifa ya Mikoko, kurasa za magazeti yetu hujaa picha za watu waliovaa fulana mpya, suruali wamezikunja, wamesimama katika tope na kila mmoja ameshika mche. Chini ya picha huandikwa idadi: miche elfu kadhaa imepandwa kwa siku moja. Tangu Serikali ya Kenya ilipotangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, idadi hizo zimezidi kukua, na pwani haikuachwa nyuma. Sina neno na lengo lenyewe. Ninachouliza ni kwa nini hatuisomi habari ya pili, ya kutueleza ni miche mingapi iliyokuwa hai mwaka mmoja baadaye.

Huku kwetu kusini mwa Mombasa lipo eneo la tope tupu ambalo kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, kilipanda mikoko kwa shangwe kubwa. Ukienda pale maji yakiwa yamekupwa utaona vijiti vikavu vilivyopangwa kwa safu zilizonyooka, kila kimoja kimegandwa kuanzia chini hadi karibu na ncha na viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba meupe, na vingine vimeelemewa na mwani hadi vikalala. Havikukatwa na mtu, wala havikuliwa na mbuzi. Vilipandwa mahali ambapo mti ule hauwezi kuishi, na yeyote anayetega samaki katika hori lile, yaani mkono wa bahari uingiao nchi kavu, angeweza kuwaambia hivyo kabla ya mche wa kwanza kuchomekwa.

Tunapotamka mikoko kwa ujumla tunasahau kuwa hapa Kenya kuna aina tisa za miti hiyo, na kila aina ina makazi yake. Mlilana hutangulia mbele kabisa kuikabili bahari. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojipinda na kuushikilia mti juu ya tope, ukichanganyika na muia. Kisha huja mkandaa, na nyuma zaidi, kule ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, bahari inapojaa kupita kawaida, na chumvi imekolea ardhini, utaukuta mchu, ingawa mchu ni mkaidi na mara nyingine hujitokeza mbele pia. Mpangilio huu hutokana na saa ambazo mti hukaa ndani ya maji kila siku, kiasi cha chumvi ardhini na aina ya tope. Mche wa mkoko uliopandwa mbali mno kuelekea baharini huzama kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kustahimili, hukosa hewa, na wale viumbe wenye magamba huumaliza.

Kwa nini basi karibu kila sherehe hupandwa mkoko? Kwa sababu ni rahisi. Mbegu yake huchipua ingali juu ya mti mama, ikarefuka na kuning'inia, na mpandaji huiokota na kuichomeka kwenye tope bila hata kuhitaji kitalu. Mbegu za mlilana ni ndogo mno na zinadai uangalizi wa miezi. Na kwa nini hupandwa kwenye tope tupu? Kwa sababu tope tupu halina mwenyewe wa kugombana naye, ilhali mahali palipokuwa na mikoko hapo zamani leo pana mashamba ya chumvi, kama yale ya Gongoni na Kurawa, au mabwawa ya kufugia kamba yaliyotelekezwa, au viwanja vilivyozungushiwa ukuta. Kurudisha maji ya bahari katika sehemu hizo kunahitaji ujasiri wa kisiasa ambao sherehe ya siku moja haiuhitaji. Isitoshe, tope hilo si ardhi ya bure. Ndege wanaosafiri kutoka kaskazini mwa dunia hula hapo, na akina mama huchokoa chaza na kombe hapo. Kulifunika kwa miche, hata kama ingemea, ni kubomoa makazi ya viumbe fulani ili kujenga ya wengine, na mara nyingi tunabomoa bila kufanikiwa kujenga.

Msitu wa mikoko unaofanya kazi ni zaidi ya miti yake. Jani likidondoka, kaa huliburuta hadi shimoni mwake au tondo, konokono wa topeni, huling'ang'ania papo hapo juu ya tope; mabaki yake hulisha viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, nao huliwa na kamba wachanga na vifaranga vya samaki wanaojificha katikati ya mizizi hadi wapate nguvu ya kutoka kwenda kwenye matumbawe. Mashimo ya kaa nayo huingiza hewa na maji katika tope zito, nayo mizizi ya mti hufaidika. Safu za miche ya aina moja, katika tope ambalo maji yake hayaendi wala hayarudi ipasavyo, hazina uhusiano huo, hata zikihesabiwa kwa maelfu.

Madhara mengine hutoka mbali na bahari. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi katika hori la Mwache, magharibi mwa Mombasa, na mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama, kwa kuwa mizizi yake ya kupumulia ilifukiwa. Udongo ule ulitoka katika miteremko ya bara iliyolimwa na kukatwa miti ya makaa. Kwa hiyo anayetaka kuilinda mikoko ya Mwache huenda akalazimika kuanzia mashambani kule Kinango, mahali ambapo hakuna atakayempiga picha akiwa ndani ya tope.

Sisemi kwamba kupanda hakufai. Gazi, katika Kaunti ya Kwale, mikoko ilifyekwa miaka ya 1970 ili kupata kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakishirikiana na wanakijiji walianza kupanda upya kwa kupima maji na tope kwanza, na kila aina wakaipeleka mahali pake. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaosimamia hekta 117, umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu huihifadhi, na kuisaidia jamii ya Gazi na Makongeni kwa maji na shule. Hata wakataji wa zamani walikuwa na elimu yao: walitofautisha fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na kila unene ulikuwa na kazi yake na bei yake, katika biashara iliyoyapeleka majahazi kutoka Lamu hadi Oman na Ghuba kabla Kenya haijapiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982. Baadhi ya watunga miradi wa leo wanajua neno moja tu, nalo ni mche.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako atakapoalikwa tena katika sherehe ya kupanda mikoko, aulize aina inayopandwa, aulize kama mikoko iliwahi kuota hapo na ni nini kilichoiondoa, na aandike tarehe katika shajara yake ili arudi baada ya miezi kumi na miwili. Habari hiyo ya pili ipewe ukurasa uleule na picha yenye ukubwa uleule. Wafadhili nao, ambao husoma gazeti lako, wazuie sehemu ya fedha hadi hesabu hiyo ya pili itolewe, na pale ambapo mti mama upo karibu lakini tuta la shamba kuukuu la chumvi limeziba maji, wakilipe kikundi cha kijiji kulibomoa tuta hilo. Maji yakipita, mbegu zitajileta zenyewe.

Msomaji wako,
Kwale